Hija ya Kwaresima na mama mkwe: Mt. Yosefu, Pugu mpaka Bagamoyo (19–23 Machi 2025)

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Tumerudi salama, ina wiki sasa, miguu ya mama mkwe imeshashuka uvimbe na mimi nimepata muda wa kukaa na kale kadaftari kangu na picha za kwenye simu ili niandike kama nilivyowaahidi wanajumuiya, wenzangu wa jumuiya ndogo ya kanisa tunaosali pamoja mtaani. Itakuwa ndefu kidogo. Bei nimeziweka zote kwa sababu kitu cha kwanza watu wananiuliza ni mlitumia shilingi ngapi.

Tulikuwa watatu. Mimi niliye mama wa watoto watano, mama mkwe wangu (humu namwita mama tu) mwenye miaka 71 aliyekuja Dar kutoka Peramiho mwezi wa pili kwa ajili ya matibabu ya sukari, na binti yangu wa kwanza, 23, kamaliza ualimu anasubiri ajira. Mama mkwe kasomeshwa na masista wa Kibenediktini, rozari yake ni ya mbegu nyeusi imeshaunganishwa na uzi mara sijui ngapi, na alisema kabla hajarudi kwao anataka aione Pugu maana ndiko Wabenediktini walikoanzia kabla ya kufika Songea. Mwaka 2025 ulikuwa wa Jubilei, mwaka mtakatifu wa Kanisa wenye kaulimbiu Mahujaji wa Matumaini, Roma hatuna nauli, basi nikasema tutahiji hapahapa kwetu.

Na mimi niseme nilivyo ili msomaji ajue anasoma ya nani. Mi ni Mkatoliki wa kizamani. Naamini ndoa ni ya kanisani na sio sogea tuishi, naenda Misa na kitambaa kichwani, Komunyo napokea kwa ulimi, na mimba kwangu ni mtoto tangu siku ya kwanza. Sijabadilika kwa hayo na safari hii haikunibadilisha kwa hayo. Ila kuna jambo lilinikuta njiani, nitalifikia.

Siku ya kwanza, Jumatano 19 Machi. Kimara – Kivukoni – Kariakoo

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo tukaona tuanzie kwenye kanisa lake, Kanisa Kuu pale mjini. Tuliamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja na nusu tuko Kimara Mwisho kwenye mwendokasi, 750 kila mtu, na pale ndipo mama alipoona Dar ni nini. Basi la kwanza limepita, la pili limepita, la tatu tukasukumwa ndani kama magunia, mama kashika rozari juu ya kichwa isije ikakatika. Kijana mmoja amevaa kanzu na kibarakashia, mfungo wa Ramadhani huo na usingizi wa daku bado uko machoni, akanyanyuka akasema bibi kaa hapa. Akasimama mpaka Kivukoni. Mama alimwombea kwa Kingoni njia nzima, kijana anaitikia tu "amina bibi, amina" bila kujua anaombewa nini.

Kanisa la Mt. Yosefu lilijengwa na Wajerumani, wakaanza 1897 wakamaliza 1902, na ule mnara wake mrefu unatazamana na bandari kabisa. Mama alikaa mbele, akaangalia vioo vya rangi jinsi jua linavyoingia, akaninong'oneza "hapa mtu hawezi kuongea ovyo". Nakubaliana naye. Siku hizi kuna makanisa yetu watu wanapigiana makofi na simu zinalia kwenye mageuzo, pale mkate na divai vinapogeuzwa, mi inaniuma sana.

Padre alihubiri kitu kimoja nilichobaki nacho siku zote tano. Alisema tafuta Injili zote nne, hutakuta neno hata moja lililotoka mdomoni kwa Yosefu. Mi nikafurahi moyoni, nikasema ndio hivyo, mtu wa Mungu ananyamaza anafanya kazi yake. Kwenye sala za waumini tukamwombea Baba Mtakatifu Fransisko aliyekuwa hospitali Roma tangu tarehe 14 Februari, mapafu, na tukawaombea viongozi wa nchi. Tarehe 19 Machi pia ndiyo Rais Samia aliapishwa mwaka 2021, kwa hiyo niliiweka nia hiyo kwa moyo wote. Mtume Paulo anamwambia Timoteo tuwaombee wenye mamlaka na mi sijawahi kuacha.

Tumetoka nje, tumesimama tunaangalia meli, binti yangu akasema: "Mama, Yosefu hakuongea lakini aliamka usiku akamtoa mtoto mikononi mwa Herode. Alijua Herode anafanya nini." Sikumjibu. Nikaangalia bandari nikakumbuka Agosti 2023, maaskofu wetu wa TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, walipotoa tamko lao la kutokubali ule mkataba wa bandari na kampuni ya Dubai na likasomwa makanisani Jumapili. Parokiani kwetu watu wengine walipiga makofi, wengine walikunja uso, mume wa rafiki yangu alikaa miezi hajaja kanisani anasema padre kaacha Injili kaingia siasa. Mimi nilisimama katikati. Nilisema maaskofu ni wachungaji wangu nawasikiliza, ila moyoni nilitamani wasingesema, nilitaka Misa ibaki na utulivu wake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naondoka nyumbani Jumatano ile.

Mchana tulipita Kariakoo kumtafutia mama ndala za kutembelea (7,000, alianza na 10,000). Tulipokaribia pale lilipoporomoka lile ghorofa Novemba 2024 mama akauliza ndio hapa? Zaidi ya watu 20 walikufa siku zile, wengine walikaa chini ya kifusi wanapiga simu. Mama akasimama katikati ya mikokoteni na makelele yote yale ya "pita mama, beba mama", akafumba macho: "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie." Kijana wa mkokoteni alikuwa nyuma yetu kabeba robota la mitumba, hakututukana. Alisubiri mpaka amina.

Ugali maharage na mchicha kwa mama ntilie, 2,500 sahani. Wengi wameshusha pazia kwa heshima ya wanaofunga ila chakula kipo.

Kwa atakayefuata: mkitaka kwenda Mt. Yosefu na mzee msipande mwendokasi kabla ya saa tatu asubuhi siku ya kazi. Na suala la rehema kamili (kuondolewa adhabu za dhambi) ya Jubilei ile ya 2025, ilibidi umuulize paroko wako ni makanisa gani jimboni yametajwa, halafu yalikuwepo masharti mengine, kuungama, Komunyo, na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Sio kutembea tu.

Siku ya pili, Alhamisi 20 Machi. Pugu

Daladala ya Mbezi kupita Malamba Mawili na Kinyerezi mpaka Banana, halafu nyingine mpaka Gongo la Mboto. Barabara ya Nyerere yote ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mwendokasi mpya, vumbi, foleni, konda anagombana na abiria kwa shilingi mia mbili, hakuna cha kusimulia zaidi.

Gongo la Mboto mama akasema kuanzia hapa natembea. Nikasema mama una sukari, jua hili. Akasema "mwanangu, mimi nimetembea kutoka shambani na gunia la mahindi kichwani nikiwa na mume wako tumboni, wewe twende." Tukatembea. Tulisali rozari matendo ya mwanga kwa kuwa ni Alhamisi, kumi zima (Salamu Maria kumi) kisha tunapumzika, kumi zima kisha maji. Kwenye tendo la tatu mama aliyumba. Fundi viatu mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwarobaini akainuka kwenye kigoda chake, kimoja tu alichonacho, akamkalisha mama, akaenda kununua maji ya baridi ya mia tano kwa hela yake. Nikataka kumrudishia, akakataa kabisa. Halafu akamwomba mama avue ile ndala mpya ya Kariakoo, akaipiga uzi pembeni pale kamba inapoingia, akasema "hii isingefika Pugu." Alishona kwa nta, ile ya nyuki, anapitisha uzi kwenye kidonge cha nta kila baada ya mshono mmoja. Mpaka leo ndala ya kushoto imeachia, ya kulia aliyoshona iko vilevile.

Pugu Hija ni mahali pa kimya, miti mikubwa, upepo wa mlimani, unasahau kwamba uko Dar. Historia yake sijui kwa nini hatuwafundishi watoto. Wabenediktini wa kwanza walifika hapa 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita ya Abushiri na Wajerumani, misheni ikavamiwa ikachomwa moto. Waliuawa bruda wawili, Petrus Michl na Benedikt Kantwerk, na sista mmoja, Martha Wansing. Wengine walichukuliwa mateka mpaka walipokombolewa. Misheni ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili.

Binti akasema lakini mama, wale walikuja na Wajerumani, na Wajerumani walikuja kutawala, Abushiri alikuwa anatetea pwani yake. Nikamwambia ni kweli, na Wajerumani walikuja wakamnyonga Abushiri mwaka huohuo, na sikatai uchungu wa wenye nchi. Ila Sista Martha hakushika bunduki. Mama mkwe hakuingia kwenye hayo mabishano. Alikaa anayarudia majina matatu polepole kama anaita watoto waje kula, Petrus, Benedikt, Marta, maana ni hao waliomfanya yeye akajua kusoma.

Na Pugu ndiko Mwalimu Nyerere alifundisha, shule ya Mtakatifu Fransisko, mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Mama anampenda Mwalimu kwa moyo wote, anamwita Mtumishi wa Mungu kama Kanisa linavyomwita sasa wakati kesi yake ya utakatifu inaendelea. Mi pia nampenda, mtu aliyekuwa anasali Misa ya asubuhi pale Mt. Petro Oysterbay akiwa rais wa nchi. Lakini nilimwambia mama ukweli wangu, kwamba Sheria ya Elimu ya 1969 iliyochukua shule za misheni, hii ya Pugu ikiwemo, iliniuma hata kabla sijazaliwa. Naelewa sababu yake, alitaka mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo wasome dawati moja. Ila shule nyingi zilipoteza ile malezi ya masista na mapadre. Mama akasema "ila wewe ulisoma bure." Ni kweli, nilisoma bure.

Tulifanya Njia ya Msalaba, tukala mihogo ya kuchemsha tuliyobeba na chumvi, tukarudi kwa bodaboda mpaka Gongo la Mboto (2,000 kila mmoja, mama akapanda kiupande kama sista). Kimara tulifika saa mbili usiku.

Kwa atakayefuata: bebeni maji na chakula chenu. Vaeni vizuri, sketi ndefu, vitenge, sio suruali za kubana, ni mahali patakatifu. Wakati wa masika ile njia inateleza.

Siku ya tatu, Ijumaa 21 Machi. Makumbusho – Tegeta – Bagamoyo

Hii ndiyo siku yenyewe.

Makumbusho tukapanda coaster ya Bagamoyo, 3,000 kila mtu, tukasubiri ijae saa nzima na dakika ishirini. Mwenge, Lugalo, Mbezi Beach. Tumefika Tegeta tumekwama kwenye foleni, binti yangu aliyekaa dirishani akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ni hapa walipomshusha."

Nilijua anamsema nani. Mzee Ali Kibao wa Chadema, chama cha upinzani, Septemba 2024, alikuwa kwenye basi anaenda Tanga, basi likasimamishwa hapa Tegeta, watu wakamshusha mbele ya abiria, kesho yake mwili wake ukapatikana Ununio. Rais mwenyewe alilaani na akaagiza uchunguzi. Nchi nzima ilisikia.

Binti akaendelea, na hakusema kwa hasira, ndio maana iliniingia: "Nyie WAWATA, wanawake Wakatoliki, mlimlilia yule mtoto wa jirani asitoe mimba, mkamchangia, mi nilijivunia sana. Lakini mbona huyu mzee hamkumlilia?"

Sasa hapa lazima niseme. Ile ya msichana wa jirani ni kweli, alikuwa na miaka kumi na saba, kwao wanamwambia atoe, sisi akina mama tukaenda tukakaa nao, tukachanga, tukampokea, mtoto sasa ana miaka miwili anatambaa na kukimbia uani kwangu. Lakini na hii ya pili ni kweli vilevile. Wiki ile ya Septemba kwenye jumuiya, mimi ndiye mwenyekiti, kuna baba mmoja alinyoosha mkono kwenye nia akasema tumwombee mzee Kibao na familia yake. Nikasema baba, hapa tusilete siasa. Tukaendelea na nia ya mvua. Yule baba akakaa chini, akaangalia viatu vyake, na sikumwona tena mwezi mzima.

Nilikuwa nimeshika rozari mkononi pale kwenye coaster na nikashindwa kusali. Mi nafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza amri za Mungu. Amri ya tano ni usiue. Haijaandikwa usiue walioko tumboni. Haijaandikwa usiue Wakatoliki. Mwanadamu ni sura ya Mungu tangu anatungwa mpaka anakufa kifo cha kawaida, hivyo ndivyo Kanisa linafundisha na ndivyo ninavyoamini, sasa mimi nilipata wapi ruhusa ya kuikata amri vipande, kipande kimoja nikiite imani na kingine nikiite siasa? Niliogopa. Ndio jina lake, woga, nikauvika nguo ya uchaji.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote. Akauliza, alikuwa na watoto? Binti akasema ndiyo bibi. Mama akaanza matendo ya uchungu, kwa sauti kabisa, abiria wote wanasikia, "kwa ajili ya mzee wa basi." Tuliitikia watatu. Kuna dada kavaa baibui alikuwa kiti cha mbele, aligeuka akatuangalia, akarudi kutazama mbele, kisha nikaona na yeye midomo inatembea. Foleni ikaachia tuko kwenye tendo la tatu, taji la miiba, na tulimaliza Bunju.

Bagamoyo tulifika saa saba na nusu. Na hapo tukapata tatizo ambalo nilipaswa kuliwaza mapema, Ramadhani. Bagamoyo mchana hakuna kitu, vibanda vimefungwa. Mimi na binti tulikuwa tumefunga Ijumaa yetu hatuna shida, lakini mama alishameza dawa ya sukari asubuhi na ile chapati aliyobeba ilimwagikiwa maji ya kunywa ikawa uji kwenye mfuko. Akaanza kutetemeka mikono, jasho la baridi. Binti akakimbia nyumba ya kwanza yenye mlango wazi. Bi mkubwa mmoja akatoka, yeye mwenyewe kafunga, hakuuliza sisi ni nani, na msalaba wa mama shingoni unaonekana wazi. Akaingia jikoni akarudi na kikombe cha chai ya sukari nyingi na kipande cha mkate wa kumimina aliowaekea wajukuu. Akamshikia mama kikombe yeye mwenyewe kwa sababu mama mkono ulikuwa unamwaga. Harufu ya iliki na nazi mbele ya pua ya mtu ambaye hajatia maji mdomoni tangu alfajiri, na yeye anapuliza chai ili isimuunguze mgeni.

Mama alipopata nguvu bi mkubwa akasema hamtaondoka hivihivi, jioni mje futari. Tukaenda zetu misheni, Njia ya Msalaba saa kumi tukasali na waamini wa pale, magharibi ilipoadhiniwa tuko kwenye jamvi lake. Tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, kunde, na samaki wa kukaanga. Kulikuwa na nyama pia, akaniambia mwenyewe kabla sijasema kitu, "nyie leo Ijumaa hamli nyama, hiki samaki nimekitoa kwa ajili yenu, nimekaa na Wakristo wa misheni maisha yangu yote." Tulisali kabla ya kula, yeye kwa lake sisi kwa letu. Mi siamini kwamba dini zote ni sawa, naamini Kristo ndiye njia, na bi mkubwa yule na yeye anaamini lake hivyohivyo. Tulikula sinia moja.

Gesti 25,000 chumba cha vitanda viwili, safi, feni inafanya kazi, chandarua kina tundu moja, tukalifunga fundo.

Kwa atakayefuata: Kwaresima na Ramadhani zikikutana bebeni chakula cha wagonjwa na watoto, na mkila kuleni ndani, sio barabarani. Mwenye sukari abebe glukosi mfukoni sio kwenye begi.

Siku ya nne, Jumamosi 22 Machi. Misheni ya Bagamoyo na kurudi

Asubuhi misheni yote kwa utulivu. Njia ya miembe ya zamani, mbuyu uliopandwa 1868 mwaka ambao mapadre wa Roho Mtakatifu walifika wakiongozwa na Padre Antoine Horner, mnara wa kanisa la kwanza ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na groto ya Mama Maria wa Lurdi iliyojengwa 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Mama alipiga magoti kwenye groto akakaa pale hadi nikaingiwa na wasiwasi.

Makumbusho ndani kuna minyororo. Mwongozaji alituonyesha ya shingo, chuma kizito kimeliwa na kutu, akaeleza jinsi watumwa walivyofika pwani wametembea kutoka bara, na jinsi mapadre walivyokuwa wananunua watu, hasa watoto, ili wawaachie huru na kuwalea kwenye kijiji chao. Binti alikaribisha uso kwenye kioo akasema hii ni saizi ya mtoto. Hatukusema kitu hapo.

Nikatafuta padre nikaungama. Ya kitubio yanabaki kwenye kitubio. Nilipotoka nilikaa makaburini kwa mapadre wale, wengi walikufa vijana kwa malaria, nikamwandikia ujumbe yule baba wa jumuiya. Nilifuta mara tatu. Mwisho niliandika hivi: "Baba shikamoo, nimekukosea mwezi wa tisa. Nia yako nilipaswa kuipokea. Jumamosi ijayo naomba uitaje wewe mwenyewe."

Kurudi coaster ilipata pancha Kiromo, mvua kubwa ikatunyeshea Mapinga, maji yamejaa barabarani Bunju gari zinaenda moja moja, tulitumia saa tano. Sina zaidi.

Siku ya tano, Jumapili 23 Machi. Nyumbani

Misa ya kwanza parokiani. Injili ya Luka 13, nikasisimka. Watu wanamwendea Yesu kumpa habari za Wagalilaya ambao Pilato aliichanganya damu yao na dhabihu zao, na Yesu anawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, mwadhani walikuwa wakosefu kuliko wote? Mama akanigusa mkono akanong'ona "Kariakoo." Na mi nikawaza Tegeta. Yesu aliletewa habari za mauaji ya serikali ya Pilato pale pale katikati ya mafundisho na hakumwambia mtu yeyote asilete siasa. Aliwaambia watubu. Nimeisoma Injili hiyo miaka mingapi?

Yule baba alikuwa benchi la nyuma. Baada ya Misa tulisalimiana, akasema nimeona ujumbe mama mwenyekiti, Jumamosi nitaitaja. Hakusema zaidi, tukazungumza bei ya mchele.

Mchana binti akatuonyesha kwenye simu Baba Mtakatifu katolewa hospitali, kakaa kwenye kiti anawapungia watu mkono, kachoka sana. Mama alipiga kigelegele sebuleni.

Halafu ikabaki kazi moja. Ilikuwa siku ya mwisho ya uboreshaji wa daftari la wapiga kura hapa Dar, na mama akasema atakuwa huku kwa matibabu mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo anahamisha taarifa zake kutoka Songea. Miguu imevimba, nikamwambia mama pumzika, uchaguzi wa Oktoba ni mbali. Akavaa kitenge chake cha WAWATA, kile cha Jubilei ya miaka 50 tuliyoadhimisha Uwanja wa Mkapa 2022, akashika mkoba, akakaa mlangoni kunisubiri.

Kituo kilikuwa shule ya msingi hapa mtaani, foleni ya saa mbili, watu wakampisha mbele. Kijana wa mashine akamwomba aweke vidole. Mashine ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Vidole vya mama vimelika, miaka sitini ya jembe, mistari yote imeisha. Yule kijana hakumwambia nenda rudi kesho, maana kesho haikuwepo. Akachukua kitambaa kibichi akamfuta kidole kimoja kimoja, taratibu, akakausha, akabonyeza kwa mkono wake juu ya mkono wa mama. Mara ya tano au ya sita dole gumba la kushoto likasoma, kimashine kikalia. Mama akasema "Deo gratias" kwa sauti, kama kwenye Misa ya utoto wake, na akina mama wawili nyuma yetu wakaitikia amina.